Injini ya Kelele kwenye Gari la Mama

Mafundi injini ni watu wa kusifiwa. Gari likitoka gereji limenyooka, mwenye gari hufungua boneti, akaitazama injini kwa mahaba, kisha akampa fundi wake mkono. Gari hilohilo likigoma njiani, hata kama limeishiwa mafuta tu, watasema ni giaboksi. Mimi ni fundi giaboksi. Miaka ishirini na sita nimelala chali chini ya magari ya watu nikidondokewa na oili nyekundu puani, na sijawahi kuona mtu akiinama kunipa mkono kule chini. Nasema haya mapema ili mjue kwamba anayewasimulia ana kinyongo.

Gereji yetu ina milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, fundi injini. Ni pande la mtu, ila sauti yake ni ya kunong'ona, na ana tabia ya kuweka sikio karibu na injini na kufumba macho utadhani anaombewa. Mlango wa pili ni wangu, wenye shimo. Wa tatu ni wa Mama, ambaye ana miaka sabini na moja na cherehani mbili, na kazi yake ni kushona viti na makapeti ya magari. Mshono wa Mama haufumuki. Kuna magari humu mjini yameoza mabati yote, yamebaki viti.

Mdogo wangu hakuwa na mlango, kwa sababu kazi yake ilikuwa barabarani. Yeye ndiye aliyekuwa akijaribu magari. Tukimaliza gari, analichukua, anapanda nalo kilima cha nyuma ya gereji, kona tatu kwenda na kona tatu kurudi, kisha anashuka na kutusomea makosa yetu: gia ya pili inachelewa, bolti ya upande wa kushoto haijakazwa, kiti kinalia. Alikuwa na sheria moja aliyoitunga mwenyewe na kuishika kuliko dini. Aliyetengeneza hajaribu. Alisema fundi akiendesha gari alilolitengeneza, mguu wake unamdanganya, unapakwepa penye kasoro bila mwenyewe kujua. Tulipinga tukashindwa, maana alikuwa anasema kweli. Basi mimi na shemeji hatukukalia usukani wa gari lolote ndani ya gereji ile. Tuliyasukuma. Wateja walitukuta tukisukuma magari mazima, tunahema, wakadhani tumechanganyikiwa.

Kumbukeni hiyo sheria, maana ndiyo iliyokuja kutuumbua.

Mwaka juzi mguu wake wa kushoto ulianza kufa ganzi. Kwanza vidole, kisha wayo, kisha ukapanda mpaka gotini. Hospitali walimpima wakachoka, wakasema ni mishipa ya fahamu, wakampa fimbo na viatu vya soli nene kama matofali. Daktari wake, mama mmoja mpole, alisema mguu wa kulia uko salama, ila tuuangalie. Hilo neno "tuuangalie" lilikuja nasi nyumbani likakaa. Tukila lipo, tukicheka lipo. Mama alianza kuutazama mguu wa kulia wa mwanawe kila alipopita, na mdogo wangu alianza kuuficha chini ya meza.

Mguu wa kushoto ndio wa klachi, kwa hiyo magari ya gia za mkono, ambayo ndiyo yenye utamu, yakawa basi tena. Zikabaki otomatiki. Alizijaribu hizo kwa uso wa mtu anayekunywa uji usio na sukari, akatoa ripoti zake, akaenda kukaa.

Lakini chini ya turubai, kwenye kona ya mlango wa shemeji, kulikuwa na injini yake. Aliipata miaka mingi nyuma kutoka kwenye gari dogo la mbio lililoukumbatia mti. Si injini kubwa. Ukiiendesha kwa adabu, ni ya kwenda nayo sokoni. Ila mshale ukipita mizunguko elfu sita kwa dakika, kuna kitu ndani yake kinageuka, inaamka, inalia mpaka elfu nane na mia tano, na mtu mwenye akili zake anajikuta anacheka peke yake. Alikuwa amepanga siku moja aiweke kwenye gari lake mwenyewe, na mkono wa gia ubavuni. Siku hiyo ikawa inasogezwa mbele, mpaka mguu ukawahi.

Asubuhi moja alikuja na fimbo yake, akaigonga ukingoni mwa shimo langu, akaniamuru nitoke. Alitaka injini ile iingie kwenye gari la Mama. Gari la Mama ni gari dogo la zamani, jeupe lililogeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na giaboksi yake ni otomatiki ya kizamani isiyojua kompyuta, inayofikiri kwa oili na springi. Mama hakuwa akiliendesha tena, lilikuwa limegeuka banda la kuku kule uani.

Shemeji aliposikia alikaa kwenye tairi. Kwake yeye, kuifunga injini ile kwenye otomatiki ni kumdhalilisha mtu aliyesoma. Akanong'ona kwamba otomatiki itabadilisha gia kabla injini haijaamka, kwamba itakuwa usingizini maisha yake yote, kwamba ni dhambi. Wapiga soga wa pale nje nao wakaingilia. Kila mwenye midomo miwili alikuwa na maoni. Mimi nikaongeza yangu, maana ningenyamazaje wakati giaboksi yangu inatukanwa.

Mdogo wangu alitusubiri tumalize.

"Nina mguu mmoja wa kuendeshea," akasema. "Injini ni yangu. Nataka kuisikia ikilia kabla sijafa, na anayeikanyaga niwe mimi, si mtu ananikanyagia nimekaa pembeni kama mzigo. Kama hamuwezi, semeni, nikatafute mafundi."

Hilo neno la mwisho ndilo lililotumaliza. Kesho yake turubai likatoka.

Kazi ilichukua wiki sita. Sitawachosha nayo. Tulichonga bamba la chuma la kuunganisha vitu viwili ambavyo waliovitengeneza hawakuwahi kuota vitakutana, tukahamisha viegemeo vya injini, tukalia na mabomba ya maji. Mwishoni shemeji aliushika kwa mkono waya wa mafuta pale kwenye injini, akauvuta, koo la injini likafunguka lote. Safi. Mimi nikalala chini nikaushika waya wangu, ule unaoiambia giaboksi dereva amekanyaga kiasi gani, nikauvuta, ukaenda mpaka mwisho. Safi. Kila mmoja akapiga saluti mbele ya mlango wake. Ndani ya gari, pale mtu anapokaa, hakuna aliyeingia isipokuwa Mama. Alikuwa ametoa gari kwa sharti moja, kwamba viti na kapeti ashone yeye, upya, na asitazamwe. Alijifungia nalo siku mbili. Tukamcheka kwamba anashona shela la harusi.

Siku ya kwanza mdogo wangu alipanda nalo kilima, tukasimama uani tumekodoa masikio. Gari likapanda kwa heshima zote. Likarudi kwa heshima zote. Akazima, akakaa kwanza, kisha akafungua mlango.

Alisema haiamki. Gia zinabadilika kwenye elfu nne na mia tano, injini bado inapiga miayo. Halafu akasema jambo la pili, kwamba pedeli ya mafuta ni fupi. Anakanyaga mpaka mwisho, ila mwisho wenyewe uko karibu.

Shemeji akanitazama. Nami nikamtazama shemeji. Kisha, Mungu atusamehe, sote wawili tukautazama mguu wake wa kulia, mara moja tu, tukageuza macho upesi kwenye boneti. Aliona. Mdogo wangu anasikia bolti iliyolegea akiwa kwenye kona ya tatu, angeachaje kuona wanaume wawili wazima wakiangalia mguu wake.

Kuanzia hapo hakuna aliyetaja pedeli tena. Tungeitaja vipi? Tulikuwa waya huu tumeuvuta na ule tumeuvuta, zote nzima, kwa hiyo kilichobaki kinajulikana, na hakuna mwenye moyo wa kukitamka. Nikajitwisha mimi lawama, jambo ambalo si kawaida yangu. Nikatangaza kwamba kasoro ni gavana.

Gavana ni kidude kidogo kinachozunguka mkiani mwa giaboksi, kina vyuma viwili vidogo. Gari likikimbia, vile vyuma vinatanuka kwa mzunguko, vinasukuma oili, na oili ndiyo inayobadilisha gia. Chuma kikiwa chepesi kinachelewa kutanuka, gia nazo zinachelewa. Basi nikashusha giaboksi, nikatoa vile vyuma, nikaanza kuvipiga tupa. Niliazima mizani ya sonara wa jirani, ile ya kupimia dhahabu, nikawa napima unga wa chuma kwa nusu gramu huku sonara amesimama mlangoni anaona mizani yake inavyonajisiwa. Nikarudisha, mdogo wangu akapanda kilima. Elfu nne na mia tisa. Nikashusha tena, nikapiga tupa tena. Elfu tano na mia mbili. Mara ya tatu, elfu tano na mia tano, na vyuma vyenyewe vimebaki kama kucha.

Kila aliporudi kutoka kilimani alikuwa anaongea kidogo zaidi. Mara ya kwanza alitoa ripoti. Mara ya pili akataja namba tu. Mara ya tatu akanyoosha vidole vitano, akaongeza nusu ya cha sita, akaondoka.

Mimi na shemeji tukageukiana. Yeye akanong'ona kwamba tupa yangu inamkosesha usingizi na injini inaonewa. Mimi nikamjibu maneno ambayo mtu hamwambii mume wa dada yake. Tukanuniana siku nne, tunaombana spana kupitia kwa Mama. Na Mama katika siku hizo alikuwa mwema kupita kiasi. Alituletea chai, akatuambia tusigombane, gari linatembea, na mwendo wa pole haujamuua mtu. Ningekuwa na akili ningeshtuka. Mama hajawahi kuniletea chai shimoni tangu nilipooa.

Alhamisi asubuhi mdogo wangu alikuja na funguo za gari mkononi, na chini ya kwapa amebana kile kimto chake cha kukalia. Kile kimto kimekaa kwenye kila gari alilowahi kujaribu. Nilipokiona kwapani nilijua.

"Kaka, acha kupiga tupa," akasema. "Utamaliza vyuma vya watu bure. Si gavana."

Nikaanza kumweleza kuhusu springi.

"Ni mguu," akasema. "Nakanyaga haufiki. Natia nguvu zote, unaishia njiani. Wa kushoto ulianza hivihivi."

Nikamwambia hapana, nikasikia mwenyewe jinsi hiyo hapana ilivyokuwa nyembamba. Akaniwekea funguo kwenye kiganja. Alisema Jumatatu ataenda kwa daktari, na mpaka hapo hagusi usukani, asije akamgonga mtoto wa mtu. Na daktari akisema ndiyo, basi amemaliza, tutafute mwingine wa kujaribu magari. Alishasogeza kiti cha gari nyuma, akanieleza, kwa ajili ya huyo mwingine. Shemeji akamshika mkono wakaondoka kwenda nyumbani, polepole, na mara hii aliiegemea fimbo kwa upande ambao haukuwa mgonjwa.

Nililia. Sina sababu ya kuficha. Nilishuka shimoni nikalia, na mteja mmoja alipochungulia nikasingizia oili.

Mteja mwenyewe ndiye aliyetuokoa, ingawa hajui mpaka leo. Alikuja kuchukua pikapu yake, na gari la Mama lilikuwa limeziba njia. Shemeji hayupo, uani kuna mwinuko, na mimi peke yangu siwezi kusukuma hata toroli. Nikatazama kushoto na kulia mithili ya mwizi wa mahindi, nikafungua mlango, nikakaa kwenye usukani. Miaka ishirini na sita.

Nikawasha. Nilikuwa na hasira na lile gari, hasira ya kweli, kwamba limemtia mdogo wangu unyonge kiasi kile. Nikaikanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini ili nilitukane kwa mguu. Mimi navaa ndala, zimelika mpaka nikikanyaga sarafu naweza kukutajia upande. Na kwenye ndala zangu nikasikia kitu. Pedeli haikugonga chuma. Ilifika mahali ikawa laini, ikazama kidogo, halafu ikagoma. Nikaachia, nikakanyaga tena. Laini, halafu ukaidi.

Nikazima gari. Mteja akauliza kama kuna tatizo, nikamwambia anyamaze.

Nilipiga magoti pale mlangoni nikapapasa kapeti chini ya pedeli. Kwa juu huoni lolote. Kwa vidole, kulikuwa na uvimbe wa mraba, mkubwa kama daftari, unene wa kidole gumba changu, umezungushiwa mshono wa kurudia, mshono mdogo uliojificha ndani ya manyoya ya kapeti. Nikajaribu kuuvuta. Haukufumuka.

Mama alikuwa anashona kiti cha lori. Nilisimama mbele yake nikamuuliza ameshona nini chini ya pedeli ya mafuta. Alimaliza kwanza mstari aliokuwa nao, maana Mama haachi mshono katikati hata nyumba iungue. Akakata uzi.

"Sponji," akasema. "Ile ngumu, tabaka tatu. Na mpira juu yake, ili isibonyee sana."

Nawaambia ukweli, alisema hivyo kwa fahari ya kazi.

Nikamuuliza kwa nini, na sauti yangu ilikuwa imepanda.

"Hiyo injini mimi niliiona siku inaingia humu," Mama akasema. "Ninyi mlikuwa mnaitazama injini. Mimi nilitazama viti vya lile gari lililoukumbatia mti. Niliombwa nivifumue kama kuna kinachofaa, na hakikufaa kitu, na sitakwambia vilikuwaje. Kwa hiyo nikashona."

Nilikuwa nimekuja na hasira zangu zimeiva, nikazikuta hazina pa kutua.

"Mama," nikasema, "anadhani ni mguu. Anakanyaga sponji yako, anadhani mguu wa kulia nao unakufa. Amerudisha funguo. Jumatatu anaenda kwa daktari kuambiwa."

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Aliniuliza kama mdogo wangu amesema hivyo kwa mdomo wake. Nikasema ndiyo. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu siku ya kwanza, Mama, alisema pedeli ni fupi na wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni. Akasema alisikia, akafikiri analalamika tu kwa kunyimwa kelele zake.

Mimi ni mwoga, tena mwoga mwenye mipango. Nilimshauri tuukate ule mshono kimyakimya, kapeti lirudi lilivyo, mdogo wangu apande kilima, pedeli ifike, tumshukuru Mungu, yaishe. Nani atajua? Mama alinitazama kwa namna aliyonitazama nilipokuwa na miaka saba na nimevunja sahani.

"Tukikata kimya atadhani mguu umepona," akasema. "Na huo mguu haukuwahi kuumwa. Siku ukichoka kweli hatauamini tena, atadhani utapona wenyewe. Yeye anaishi kwa kuusikiliza mguu wake, na mimi nimemfundisha mguu kusema uongo. Niletee wembe. Na mwite."

Nilimpigia shemeji simu, neno langu la kwanza kwake tangu tununiane, nikamwambia amrudishe mkewe gereji na asiulize. Walifika mdogo wangu akiwa na uso wa mtu aliyeitwa kuongezewa msiba. Mama alikuwa amesimama kando ya gari, wembe mkononi, na akamweleza yote mbele yetu, bila kupunguza, mpaka tabaka za sponji akazitaja. Kisha akapiga magoti yake ya miaka sabini na moja, akaingiza kichwa chini ya usukani, akaufumua mshono wake mwenyewe. Ilimchukua muda. Tulisikia nyuzi zikikatika moja moja. Akatoka na ule mraba, akaushika kwa mikono miwili.

Mdogo wangu alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari. Aliutazama ule mraba, kisha mguu wake, kisha ule mraba.

"Wiki tatu, Mama," akasema. "Wiki tatu kila nikilala naviita vidole vyangu kimoja kimoja, nione kama vinaitika."

Mama akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Mdogo wangu aliomba kimto chake. Akakipachika kwenye kiti, akavuta kiti mbele mpaka pale pake, akaonyesha kwa kidole kiti cha pembeni. "Ingia," akamwambia Mama. "Hiyo sponji yako njoo nayo." Kisha akatugeukia mimi na shemeji, akasema tumeshavunja sheria zote za nyumba hii, kwa hiyo tupande nyuma.

Basi tukapanda, mimi na lile pande la mtu, magoti masikioni, hatujaombana radhi bado. Gari likatoka getini taratibu. Chini ya kilima akasimama. Aliinua mguu wa kulia, akautikisa, akauweka kwenye pedeli, akakanyaga mpaka chuma kikagonga chuma.

Sijui niwaeleze vipi. Kwanza hakuna kitu, gari linavuta tu. Elfu nne, elfu tano. Kwenye elfu sita kukatokea kitu kama pumzi, na ile injini iliyolala miaka yote chini ya turubai ikafungua koo. Shemeji alifumba macho, machozi yakaanza kumtiririka, mtu mzima yule. Elfu saba. Vioo vinatetemeka. Mdogo wangu alikuwa anacheka, namwona kwenye kioo, anacheka meno yote nje. Elfu nane.

Na gia haibadiliki.

Elfu nane na mia tano. Injini ikaanza kukwama-kwama, inajizuia isipasuke, na giaboksi yangu bado iko gia ya kwanza, imetulia, haina habari. Nikaelewa papo hapo. Nilikuwa nimepiga tupa vile vyuma kwa ajili ya pedeli inayoishia njiani. Sasa pedeli imefika chini, na vyuma vimekuwa vyepesi mno, havina nguvu ya kushindana na mguu uliokanyaga mpaka mwisho. Nimeviharibu. Kwa mizani ya dhahabu, nimeviharibu.

"Achia!" nikapiga kelele. "Achia mafuta kidogo!"

Akaachia, nukta moja tu. Tak. Gia ya pili ikaingia kama imeitwa. Akakanyaga, injini ikapanda tena ikilia, na safari hii sikuwa nimefungua mdomo. Aliachia mwenyewe alipotaka, tak, gia ya tatu. Kwenye kona akakanyaga ghafla, gia ikarudi ya pili, akaizungusha kona ya kwanza kwa sauti ambayo nadhani walisikia hata hospitalini. Alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Lile gari halikuwa linabadilisha gia lenyewe tena. Lilikuwa linasubiri mguu wake.

Tulipanda kilima mara tatu. Mama alikuwa ameibana sponji yake kifuani, na kila kona aliikumbatia zaidi.

Tuliporudi uani nikashuka wa kwanza, nikakiri kosa kabla shemeji hajanong'ona. Nikasema vyuma vya gavana nimevikata kupita kiasi, nitachonga vipya, mpaka Jumamosi gari litakuwa linabadilisha gia lenyewe kama inavyotakiwa.

"Ukiigusa hiyo gavana," mdogo wangu akasema, "nitakuvunja mguu, halafu tutakuwa wawili." Alikuwa bado ameshika usukani. Kisha akasema kwa sauti nyingine, taratibu, "Kaka, nimebadilisha gia mwenyewe."

Jumatatu alienda kwa daktari vilevile, kwa sababu miadi ni miadi. Daktari akapima, akasema mguu wa kulia uko salama, ila tuuangalie. Mdogo wangu akamjibu kwamba hata yeye anauangalia, kila asubuhi, kilimani. Mama ameshona kapeti lingine, jembamba mpaka unaona bati kwa mbali, na ile sponji ameitia kwenye kile kimto. Mimi na shemeji tulipatana bila kusemezana, aliniletea chai tu.

Jumanne nilikuwa nimelala chali chini ya lile gari nikikagua kama oili inavuja, maana giaboksi inayotendewa vile lazima itoe jasho. Nikaona fimbo imefika. Nikaona viatu viwili vya soli nene. Kisha nikasikia mtu anahema, anashikilia mlango, anapinda goti moja linalopinda na kulivuta lile lisilopinda, na mkono ukaingia kule chini, umefunguliwa kiganja, unanitafuta.

Nikaupa spana namba kumi na tatu, kwa mazoea.

Spana ikatupwa huko, nikaisikia ikigonga ukuta. Mkono ukarudi.